Anasoma bila kosa, lakini anasoma polepole: disleksia katika madarasa ya Goma

Mtoto wa mwaka wa nne wa shule ya msingi, mtaa wa Katindo au Ndosho mjini Goma, mashariki mwa Kongo, anapewa aya ya Kiswahili asome kwa sauti. Anasoma. Kila silabi inatoka sawa: wa-to-to wa-li-kwe-nda so-ko-ni. Mwalimu hasikii kosa, anaandika kwamba huyu anajua kusoma. Kipindi kinachofuata ni dikte (imla) ya Kifaransa, na mtoto yuleyule anarudishiwa kaye, yaani daftari, imejaa wino mwekundu, pointi sifuri juu ya ishirini. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hapendi Kifaransa, au ni mvivu, au nyumbani hakuna anayemsimamia.

Mwalimu angeshika saa wakati wa ile aya ya Kiswahili, angeona jambo lingine. Wenzake walimaliza kwa dakika moja. Yeye alihitaji mbili na nusu, na alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amesahau mwanzo wake. Polepole ile na makosa yale ya dikte vina chanzo kimoja. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba hapa kwetu disleksia itafutwe kwanza katika Kiswahili, kwa saa na kwa sikio, na msaada pia uanzie katika Kiswahili kabla ya kuvuka kwenda Kifaransa.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kutambua maneno yaliyoandikwa kwa usahihi na kwa kasi, na wa kuyaandika. Kwa watu wengi wenye nayo, mzizi wake uko katika namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha: kuzitenga sauti ndani ya neno, kuzishika kichwani kwa sekunde chache, na kuziunganisha na herufi mpaka kiungo hicho kijiendeshe chenyewe. Akili ya jumla haihusiki. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika juu ya kijana wa miaka 14, mwerevu, hodari katika hesabu, ambaye hata maneno ya silabi moja aliyasoma kwa shida kubwa, na tangu hapo utafiti umerudia picha hiyohiyo. Inapita katika ukoo: mzazi akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo unakaribia nusu. Makadirio yanayotumika sana ni watu 5 hadi 10 kwa kila mia, kutegemea mstari unapochorwa. Katika darasa la watoto 60, na tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 madarasa mengi yanafika huko au kupita, hao ni watoto watatu hadi sita.

Kwa nini basi Kiswahili kinaificha? Kwa sababu maandishi yake ni ya haki. Herufi moja, sauti moja, karibu kila mahali; silabi nyingi ni konsonanti na irabu tu. Mtoto mwenye disleksia akivumilia anaweza kulifikia kila neno kwa kulijenga silabi kwa silabi. Kifaransa hakimpi nafasi hiyo. Katika utafiti uliolinganisha lugha za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2003, watoto wa Italia mwishoni mwa mwaka wa kwanza walisoma sawa maneno ya kawaida 95 kwa mia, wa Ufaransa 79, na wa Kiingereza, waliopimwa Scotland, 34. Hao walikuwa watoto wa kawaida. Kilichotofautiana ni tahajia. Mwaka 2001 utafiti mwingine ulipima ubongo wa watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza: upungufu ulionekana sehemu ileile ya upande wa kushoto kwa wote, ingawa Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi. Kiswahili kiko upande wa Kiitaliano. Mtoto wa Goma anaanza na lugha inayomficha, kisha anatupwa katika lugha inayomfichua, na wakati huo watu wanadhani tatizo limezaliwa na Kifaransa.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha masikio na macho. Sikio linalotoka usaha kila msimu wa mvua linaweza kumnyima mtoto sauti za f, s na t kwa miezi. Kisha uliza historia ya shule. Tangu 2022 familia nyingi zilihama kutoka Rutshuru na Masisi, zikapita kambi za Kanyaruchinya au Bulengo, na watoto wakakosa miaka. Mtoto aliyekosa shule na mtoto mwenye disleksia wanaweza kusoma vibaya kwa kiwango kilekile siku ya kwanza. Wanatofautishwa na mafunzo. Wa kwanza akifundishwa vizuri anaruka hatua kila wiki. Wa pili anasonga, lakini leo amejua, kesho kimepotea, na kazi ya wiki moja inamchukua nne. Vigezo vya kitabibu vinavyotumika tangu 2013 vinataka ugumu uwe umeendelea angalau miezi sita licha ya msaada uliolenga tatizo. Kwa hiyo usimpachike mtoto jina lolote mwezi wa kwanza, lakini pia usisubiri miezi sita ndipo uanze kumsaidia.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua aya ya Kiswahili ambayo mtoto hajawahi kuiona, ya kiwango cha darasa lake. Msomeshe dakika moja, hesabu silabi alizosoma sawa. Hesabu silabi, usihesabu maneno, maana neno moja la Kiswahili linaweza kuwa na silabi mbili au saba na hesabu ya maneno itakudanganya. Fanya hivyohivyo na wenzake sita wa darasa hilohilo, waliokaa shule muda uleule, uwachague bila kupendelea. Wapange kwa mfuatano. Mtoto wako akifika nusu tu ya wale wa katikati, endelea kuchunguza.

Hatua ya pili ni maneno yasiyokuwepo, ili asitumie kumbukumbu: bapedo, dabiko, pelumo, ndogivu, dibapo. Andika kumi. Anayesoma "watoto" kwa wepesi na kukwama kwenye "dabiko" amekariri sura za maneno. Ya tatu ni sikio peke yake, bila karatasi: "Sema kitabu. Sasa sema bila ki." Halafu ngumu zaidi: "Sema paka. Badala ya p weka t." Mtoto wa mwaka wa tatu aliyefundishwa kawaida hufika "taka" baada ya mifano miwili mitatu. Ya nne ni kasi ya kutaja: chora vitu vitano anavyovijua, kikombe, jua, ndizi, nyumba, kuku, uvirudie kwa kuvichanganya mpaka viwe 50, mistari mitano ya kumikumi, avitaje haraka awezavyo huku unashika saa. Watoto wengi wenye disleksia wanajua kila jina, ila kila jina linachelewa kutoka.

Sasa tahadhari ambayo vitabu vya kutoka nje haviwezi kukupa. Mtoto wa Goma akikuta "mtoto" akasema "mutoto", hajakosea kusoma. Akikuta "watoto wanakuja" akasema "batoto banakuya", ametambua maneno, ameelewa, kisha ameyasema kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Huo ni ushahidi kwamba anasoma vizuri. Vivyo hivyo "apana" kwa "hapana", l na r zinazobadilishana, "zambi" kwa "dhambi". Usihesabu hata moja kati ya hayo. Yanayohesabika ni mengine: silabi iliyorukwa (watoto ikawa wato), silabi zilizogeuzwa (kamata ikawa makata), b na d zinazobadilishana baada ya umri wa miaka minane hivi, n au m iliyopotea mbele ya konsonanti katika kuandika (ngombe ikawa gobe, nyumba ikawa nyuba), na neno lilelile kuandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Kugeuza herufi kwa mtoto wa miaka sita ni jambo la kawaida, hata kama kila mtu hulitaja kwanza anapoulizwa disleksia ni nini.

Kazi yenyewe ni dakika 20 hadi 25 kwa siku, siku tano kwa wiki. Saa mbili za Jumamosi hazitoshi kuziba pengo hilo, kwa sababu kinachotafutwa ni kiungo cha sauti na herufi kijiendeshe, na hilo hujengwa kwa marudio mafupi ya karibukaribu. Dakika tano za kwanza ni za sikio, tano za kadi za silabi, nane za kusoma, zinazobaki za kuandika.

Anza kwa sauti, siyo kwa jina la herufi. Shule zetu zimerithi bé, cé, dé, na mtoto anafundishwa kwamba "bé" na "a" ni "ba". Mwenye masikio mepesi analiruka pengo hilo bila kujua. Mwenye disleksia anabaki na "béa". Anza na konsonanti zinazoweza kuvutwa bila irabu: mmm, sss, lll, fff, zzz, nnn. Vuta sss mpaka iingie kwenye a: sssa. Zikishakaa, ndipo p, t, k, b, d, g. Na b usiiweke siku moja na d. Fundisha b peke yake mpaka iwe haina wasiwasi, pitisha wiki mbili au tatu, kisha leta d. Mwandiko wa kuunganisha unaofundishwa shuleni unasaidia hapa: d inaanza kama a, b inaanza kwa kupanda juu, mkono unazitofautisha hata jicho likisita.

Mchanga mweusi wa lava, ambao Goma haununuliwi, ni kifaa kizuri ukiuchekecha kwanza kwa kitambaa cha wavu, maana punje kubwa zinakata ngozi. Uweke sinia, kina cha sentimita moja. Mtoto anaandika kwa vidole viwili huku akisema sauti wakati huohuo, mara tano, kisha anahamia kwenye kaye. Akiandika kimya amechora tu. Sauti ndiyo inayofanya kazi.

Kadi za silabi zikate kutoka makatoni: kila siku kumi za zamani na mbili mpya. Akikosea moja kati ya zile za zamani, inarudi kwenye rundo la mpya, bila maneno. Kisha mnyororo wa maneno, ukibadilisha sauti moja tu kila mara: pata, kata, kaka, paka, taka, toka, choka. Muulize kila mara, "Nini kimebadilika, mwanzo au katikati?" Zoezi hili dogo linafundisha kusoma, kuandika na kusikiliza pamoja, na ukiwa na dakika tano tu kwa siku, fanya hili uache mengine.

Ugumu mkubwa wa Kiswahili kwa mtoto huyu ni urefu wa neno, na juu yake walimu husema machache mno. "Hawakutusaidia" ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Anayelijenga silabi kwa silabi anapofika "-dia", "hawa-" imeshapotea, naye hajui tena kama walisaidia au la. Mfundishe kuona vipande vya maana. Mwezi wa kwanza kumi na mbili vinatosha: nina-, nili-, nita-, ana-, ali-, ata-, tuna-, tuli-, tuta-, wana-, wali-, wata-. Kila kipande kwenye kadi yake, kisomwe kwa mtupo mmoja wa jicho, bila kukatwa silabi. Kisha anachukua aya na biki (kalamu), anazungushia vipande hivyo kabla ya kusoma, ndipo anasoma. Mwezi wa pili leta ukanushaji, si-, ha-, hatu-, hawa-, pamoja na -ku- inayofuata. Mwezi wa tatu vipande vya katikati: -ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-, na -po- ya wakati. Hapo "aliponiambia" inakuwa ali-po-ni-ambia, vipande vinne badala ya silabi saba, na kila kipande kina maana inayoshikika. Maendeleo ya kasi huonekana hapa kuliko mahali pengine popote.

Kwa kusoma, tumia aya ya maneno 60 hadi 80. Wewe unasoma kwanza huku kidole chake kikifuata, kisha yeye mara tatu, mkiandika muda wa kila mara. Akikwama, subiri sekunde tatu, mpe silabi ya kwanza. Akikwama tena, mpe neno zima muendelee. Usimwambie akisie kutoka kwenye picha, kwa sababu kukisia ndiko anakokujua tayari. Ukichapisha aya kwenye sekretariati ya mtaani, omba ukubwa wa 14, mistari iwe mbali, na nafasi kati ya herufi iongezwe kwa pointi 2.5: utafiti wa mwaka 2012 kwa watoto wa Italia na Ufaransa ulionyesha kwamba nafasi hiyo peke yake ilipunguza makosa papo hapo. Herufi za muundo maalumu zinazotangazwa kwa ajili ya disleksia, na miwani ya rangi, havijathibitisha faida. Wala dawa ya hospitali haipo, na maombi ya kuvunja laana hayafundishi silabi. Kiboko kinafanya ubaya zaidi: hofu inakula ile kumbukumbu fupi ambayo mtoto anaihitaji kushika mwanzo wa neno.

Kifaransa kije lini? Shule nyingi za mjini zinakianza tangu siku ya kwanza, ingawa sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia. Huwezi kuisimamisha shule, lakini nyumbani unaweza kupanga: Kifaransa cha mdomo kila siku, Kifaransa cha maandishi baada ya silabi za Kiswahili kutulia. Onyesha kwanza yanayofanana, a, i, f, l, m, p, t, v. Kisha sema wazi yanayogongana. U ya Kiswahili katika Kifaransa inaandikwa ou. Ch ya Kiswahili si ch ya "chat", ambayo sisi tungeiandika sh. An, on na in si irabu na n. Ni sauti moja ya puani. Mwishoni mwa neno herufi zinanyamaza, na kwa mtoto aliyezoea kutamka kila kilichoandikwa, "parlent" ni fumbo. Kuna pia sikio: u ya Kifaransa tumezoea kuisema i, ndiyo maana bureau imekuwa biro. Asiyesikia tofauti ya "rue" na "riz" hataziandika tofauti, kwa hiyo wiki nzima ya kusikiliza jozi hizo itangulie kalamu.

Baada ya hapo, familia moja ya tahajia kwa wiki, maneno sita tu: eau, bateau, gâteau, cadeau, couteau, bureau. Wiki nyingine ni ya ain: main, pain, bain, demain. Dikte ya nyumbani isipite sentensi mbili, zenye maneno ya familia za wiki hiyo na iliyopita. Makosa ya kuchanganya lugha, kama "bonjur", kila mtoto wa Kiswahili huyafanya mwanzoni. Kwa mwenye disleksia yanabaki baada ya mafunzo, na ndiyo sababu orodha yake inapitiwa tena kila baada ya wiki nne, hata ile mliyodhani imekwisha.

Darasani, mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kukaa dakika 20 na mmoja, na simlaumu. Anachoweza hakigharimu kitu. Asimwite kusoma kwa sauti bila kumwonyesha aya jana yake. Katika dikte ampe maneno manane badala ya ukurasa, na asahihishe familia ya tahajia iliyofundishwa tu. Maswali ya hesabu yenye maneno mengi amsomee, maana hapo anapima hesabu. Amruhusu mwenzake ampe kaye anakili jioni, kwa sababu kunakili kutoka ubaoni, herufi kwa herufi, kunammaliza kabla somo halijaanza. Na historia au sayansi amuulize kwa mdomo. Mzazi akienda kwa direkta wa shule, aende na karatasi: dakika alizotumia, dakika za wenzake, kaye mbili za dikte, na ombi moja lililoandikwa, kwa mfano theluthi moja ya muda zaidi katika mitihani ya shule, kama Ufaransa inavyofanya. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu ni mahali pa kuegemea ombi hilo. Lisipelekwe wiki ya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi; lipelekwe mwaka wa nne au wa tano, shule izoee.

Watu wazima wapo wengi zaidi ya tunavyodhani: mama anayeendesha duka Birere kwa kichwa, fundi anayemtuma mwanafunzi wake asome kila karatasi. Kwao mafunzo yaleyale yanafaa, kwa maneno ya kazi yao, bei, majina ya bidhaa, majina ya wateja, badala ya vitabu vya watoto. Sauti za WhatsApp zimewapunguzia mzigo, na simu nyingi za Android zinaweza kusoma ujumbe kwa sauti ukiwasha huduma hiyo kwenye mipangilio. Hatari iliyobaki ni tarakimu, hasa wakati wa kutuma pesa, kwa kuwa 69 na 96 hugeuzana kama b na d. Namba ya Kongo baada ya 243 ina tarakimu tisa: iandikwe tatu, tatu, tatu, isomwe kwa sauti kikundi kwa kikundi, mpokeaji aithibitishe kwa mdomo, kisha jina likitokea kwenye simu lilinganishwe kabla ya kuingiza namba ya siri.